Chakula Kinacholia Menoni

1. Mlio wa karanga

Mtu akila karanga iliyokaangwa vizuri, aliyeketi karibu naye husikia. Karanga huvunjika kati ya meno kwa mlio mdogo. Lakini karanga hizo hizo zikiachwa wazi mezani katika mji wa Kisangani, hasa siku za mvua, baada ya muda hazilii tena. Zimekuwa laini, nazo hukwama menoni. Kwa sababu gani? Karanga ni zile zile. Moto uliozikaanga ni ule ule. Kitu kimoja tu kimeongezeka ndani yake, nacho ni maji.

Somo hili laeleza jinsi ya kutengeneza nyumbani chakula kikavu kinacholia menoni, kwa mkate wa jana, karanga, mbegu za maboga na sukari kidogo. Laeleza pia jambo lililo kubwa kuliko utamu. Maji yale yale yanayoondoa mlio wa chakula ndiyo yanayoleta kuvu. Na kuvu ya karanga yaweza kuacha sumu ambayo moto wa jikoni hauwezi kuimaliza.

2. Chakula hiki kilianzia wapi

Katika mwaka 1863 mganga mmoja wa Marekani, jina lake James Caleb Jackson, alikuwa na nyumba ya wagonjwa katika mji wa Dansville, jimbo la New York. Alitaka kuwapa wagonjwa wake chakula cha nafaka kisichooza upesi. Alikanda unga wa ngano usiokobolewa pamoja na maji, akauoka mpaka ukawa mkavu. Kisha akauvunja vipande vidogo, akavioka mara ya pili. Chakula hicho alikiita Granula. Kilikuwa kigumu sana hata ilibidi kukiloweka usiku kucha kabla ya kukila.

Baadaye mganga mwingine, John Harvey Kellogg wa mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, alitengeneza chakula chake mwenyewe mfano wa kile. Naye alikiita Granula kwanza. Kwa kuwa jina hilo lilikuwa la mwenzake, ilimbidi alibadili, akakiita Granola. Miaka mingi ikapita. Katika miaka ya 1960 Wamarekani wengi walianza kutengeneza granola nyumbani mwao kwa nafaka iitwayo oti, pamoja na njugu, mbegu na asali.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Haiwezi kusitawi katika joto na mvua nyingi za Kisangani. Je, watu wa Kisangani wakose chakula hiki? Hapana. Siri ya Jackson haikuwa oti. Ilikuwa kuoka mara mbili. Moto wa kwanza hupika. Moto wa pili hukausha. Siri hiyo yafaa kwa mkate wa Kisangani kama ilivyofaa kwa unga wa Dansville.

Karanga nazo zilifanya safari ndefu. Nchi yake ya kwanza ni Amerika ya Kusini. Wareno walizileta Afrika kwa merikebu zamani, kama walivyoleta mahindi na mihogo. Leo karanga ni za kila soko la Kongo, na watu wengi hudhani ya kuwa zimekuwapo siku zote.

3. Mji wa maji

Kisangani ni mji uliozungukwa na maji. Mto Kongo hupita hapo baada ya kushuka katika maporomoko ya Boyoma, mahali ambapo Wagenia hutega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa katika nguzo za miti. Mto Tshopo nao hupita karibu na mji. Mstari wa ikweta uko kusini kidogo tu. Mvua inayonyesha kwa mwaka mmoja hupita milimita 1,500, wala hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Januari na Februari hupungua kidogo, kisha huzidi tena.

Basi hewa ya Kisangani imejaa maji yasiyoonekana. Kila mtoto ameona kazi ya maji hayo. Chumvi iliyoachwa wazi hulowana. Nguo zilizofuliwa asubuhi ya mawingu bado ni mbichi jioni. Mkate huota kuvu baada ya siku chache. Chakula kikavu hufanya kama chumvi: hunywa maji kutoka hewani, hata kama hakuna tone moja lililokigusa.

Kwa hiyo mpishi wa Kisangani ana kazi tatu. Kwanza, achague vitu vilivyokauka tangu mwanzo. Pili, atoe kwa moto maji yaliyobaki. Tatu, ayazuie maji ya hewani yasirudi. Akikosa moja katika hizo tatu, kazi yake yote imepotea.

4. Kuchagua karanga

Karanga ikitoka udongoni ina maji mengi sana. Pengine zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Mkulima mwangalifu hung'oa mashina, akayapindua, maganda yakatazama jua. Halafu huyaanika juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu, na mvua ikikaribia huyaingiza nyumbani. Karanga iliyokauka hucheza ndani ya ganda lake: mtu akitikisa ganda karibu na sikio, husikia. Karanga zilizomenywa, zikiwa na maji yasiyozidi sehemu 7 katika 100, zaweza kuwekwa ghalani. Zikiwa na maji zaidi, kuvu huja.

Kuvu ni kiumbe hai, kidogo sana, kinachoota juu ya chakula chenye unyevu. Kuna kuvu moja yenye rangi ya manjano na kijani inayopenda karanga na mahindi. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini; watu wengine huiita sumukuvu. Sumu hiyo ilijulikana kwa njia ya msiba wa ndege. Katika mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila watu kujua sababu. Wataalamu walitafuta mpaka wakaiona: ndege hao walikuwa wamelishwa unga wa karanga uliotoka Brazil, nao ulikuwa na sumu ya kuvu.

Si ndege tu wanaodhurika. Katika mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa pande za Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyowekwa na unyevu mpaka yakaota kuvu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa. Sumu hii hupiga ini. Mtu anayekula nyingi kwa wakati mmoja huweza kuugua upesi, macho yake yakageuka manjano. Mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni kitu leo. Lakini hatari ya kupata saratani ya ini huongezeka.

Hapa ndipo penye jaribu. Karanga mbaya huuzwa kwa bei ndogo. Mtu aweza kusema moyoni: «Nitazikaanga sana, nitatia sukari, na hapana atakayejua.» Kweli, ulimi hautajua. Moto huficha harufu ya kuvu, na sukari huficha uchungu wake. Lakini moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo, na sukari haiigusi kabisa. Ini la mlaji litajua. Kwa sababu hiyo chakula hiki kitamu kinadai uaminifu kuliko vyakula vingine vingi: ubaya wake waweza kufichwa.

Basi mpishi humwaga karanga juu ya ungo mweupe mahali penye mwanga, akazichagua moja moja. Hutupa zenye kuvu, zilizobadilika rangi, zilizokunjamana, zilizooza, na zilizotobolewa na wadudu. Akionja moja, nayo ikawa chungu, huitema. Hasemi, «Hizi mbaya nitawapa kuku,» kwa maana kuku nao huumia. Huzifukia mbali. Zikiwa mbaya ni nyingi, huacha fungu lote, kwa sababu sumu yenyewe haionekani kwa macho, na karanga safi kwa sura yaweza kuwa imekaa pamoja na mbovu muda mrefu.

5. Vitu vinavyotakiwa

Kikombe kimoja kitumike kupimia vitu vyote vikavu.

Mkate wa jana uliovunjwa vipande vidogo kama punje za mahindi: vikombe 3.
Karanga safi zilizochaguliwa: kikombe 1 na nusu.
Mbegu za maboga zilizomenywa, ambazo sokoni huitwa mbika: nusu kikombe.
Sukari: vijiko vikubwa 5.
Maji: vijiko vikubwa 3.
Mafuta ya kupikia: vijiko vikubwa 2.
Chumvi: kidogo, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili.

Mkate uwe wa jana au wa juzi, lakini usiwe na hata doa moja la kuvu. Kukata sehemu yenye doa na kutumia sehemu nyingine hakufai, maana nyuzi za kuvu hupenya ndani ya mkate mahali pasipoonekana.

6. Moto wa kwanza

Katika nyumba nyingi za Kisangani hakuna tanuri. Jiko la makala latosha, pamoja na sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Jiko liwekwe nje au mahali penye milango wazi, kwa sababu makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu katika chumba kilichofungwa.

Karanga hukaangwa peke yake, bila mafuta, kwa moto mdogo. Karanga yenyewe ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, haihitaji mengine. Mpishi hukoroga bila kuacha, dakika 15 au 20. Kwa nini asiache? Kwa sababu karanga inayogusa chuma hupata moto kuliko iliyo juu yake. Isipogeuzwa huungua upande mmoja, na ndani hubaki mbichi. Katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi watu hukaanga karanga ndani ya mchanga safi ulio moto. Mchanga huizunguka karanga pande zote, joto likawa sawa.

Baada ya muda karanga huanza kupasuka kwa mlio, maganda membamba yakalegea, na harufu nzuri ikatoka. Harufu hiyo na rangi ya kahawia hutokea kwa sababu sukari na protini zilizo ndani ya karanga hukutana katika joto kali zikageuka. Mfaransa Louis Camille Maillard aliandika habari za mageuko hayo katika mwaka 1912, nayo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Ni mageuko hayo hayo yanayoupa mkate ganda lake la kahawia na kahawa harufu yake.

Mpishi huvunja karanga moja na kutazama ndani. Ikiwa imeanza kuwa ya rangi ya dhahabu, huziondoa zote mara moja na kuzitandaza juu ya sinia. Hangoji ziwe kahawia kabisa, kwa maana mafuta yake hushika joto, nazo huendelea kuiva zenyewe hata nje ya moto. Zikipoa husuguliwa kwa mikono, maganda hupepetwa, na karanga huvunjwa vipande viwili vitatu.

Mbika hukaangwa namna hiyo hiyo, lakini kwa dakika chache tu. Vipande vya mkate hukaushwa mwisho, sufuria ikiwa na moto mdogo, vikigeuzwa daima, mpaka vivunjike vidoleni.

7. Shira

Sukari na maji hutiwa katika sufuria ndogo na kuchemshwa. Kazi hii ni ya mtu mzima, au ya mtoto mkubwa anayeangaliwa na mtu mzima. Shira ya sukari huwa moto kuliko maji yanayochemka, nayo hushika ngozi. Hivyo jeraha lake ni baya.

Mwanzoni shira hutoa povu jepesi, maana maji yanatoka. Kisha povu huwa zito. Mpishi hudondosha tone moja ndani ya kikombe cha maji baridi. Tone likiyeyuka, bado. Likiwa laini kama ulimbo, bado. Likivunjika kwa mlio kama kioo, limefika; joto la shira sasa ni karibu digrii 150. Ndivyo wafanyavyo pia watengenezao kashata katika pwani ya Tanzania na Kenya na katika Unguja: shira isipofika mahali pake, kashata huwa laini na kushika vidole.

Asali yaweza kutumika mahali pa sukari. Katika misitu ya Ituri Wambuti hupanda miti mirefu sana kuitafuta, na asali hiyo ina sifa. Lakini asali huvuta maji ya hewani kuliko sukari. Chakula kilichotiwa asali ni kitamu, ila kilaliwe upesi, maana mlio wake hauishi siku nyingi katika Kisangani.

8. Moto wa pili

Shira ikifika, mafuta na chumvi hutiwa, halafu mkate, karanga na mbika humiminwa upesi na kukorogwa kwa mwiko mrefu mpaka kila kipande kipakwe. Kisha yote hutandazwa katika sufuria kubwa, si kwa unene wa zaidi ya vidole viwili. Sufuria huwekwa juu ya makala machache, na makala mengine machache huwekwa juu ya mfuniko, kama wafanyavyo waokao mkate bila tanuri. Joto huja chini na juu.

Kila dakika 5 mpishi huondoa mfuniko kwa uangalifu ili mvuke utoke, akageuza chakula. Mvuke huo ndio adui anayefukuzwa. Baada ya dakika 15 au 20 kazi imekwisha.

Hapa wapishi wengi wapya hukosea. Huonja chakula kingali moto, wakakiona laini, wakakirudisha motoni mpaka kikaungua na kuwa kichungu. Sukari iliyo moto ni laini. Ikipoa ndipo huwa ngumu kama kioo. Kwa hiyo mpishi mwenye akili hutoa kijiko kimoja tu, akakiweka juu ya sahani, akangoja kipoe. Kisha hukitafuna. Kikilia, chote kiko tayari. Kisipolia, hukiongeza dakika 5.

9. Kuhifadhi

Chakula hutandazwa juu ya sinia mpaka kipoe kabisa. Kikitiwa katika chupa kingali na joto, mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko, matone huanguka, na kazi yote hurudi nyuma. Lakini kisiachwe wazi usiku kucha, maana hewa ya usiku ina unyevu mwingi. Kikipoa tu, hutiwa katika chupa au kopo kavu lenye mfuniko unaokaza, likajazwa mpaka juu ili hewa ndani iwe kidogo. Mkono wenye maji usiingie humo kamwe. Kijiko kikavu ndicho kinachoingia. Chombo huwekwa mahali pasipo jua, kwa sababu mwanga na joto huharibu mafuta ya karanga yakawa na harufu mbaya. Chakula kilichotengenezwa hivi chafaa kuliwa katika wiki mbili.

Kikiwa laini kidogo tu, bila harufu mbaya wala kuvu, chaweza kukaushwa tena kwa moto mdogo. Kikiwa na kuvu, hakirudishwi motoni. Hutupwa chote.

10. Nani ale, na kiasi gani

Karanga hujenga mwili. Katika gramu 100 za karanga kuna protini karibu gramu 25. Basi konzi moja ya chakula hiki, pamoja na ndizi mbivu au maziwa, ni mwanzo mwema wa siku kwa mtoto aendaye shule kwa miguu. Lakini kina sukari. Meno yasafishwe baadaye.

Mtoto mdogo aliye chini ya miaka minne asipewe karanga nzima wala vipande vigumu, maana vyaweza kumkaba koo. Yeye hupewa karanga zilizosagwa laini ndani ya uji. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Tena kuna watu wachache ambao mwili wao hauvumilii karanga: midomo huvimba, ngozi huwasha, pumzi hubana. Mtu wa namna hiyo asile kabisa, naye akila kwa bahati mbaya apelekwe upesi hospitali.

Kuna watoto wanaowasaidia mama zao kuuza karanga sokoni na njiani. Mnunuzi hawezi kufungua kila karanga na kuchungulia ndani. Humwamini yule aliyezichagua. Kazi iliyofanywa juu ya ungo, mahali penye mwanga, kabla ya moto kuwashwa, ndiyo inayomlinda.

Maswali

1. Kwa nini karanga zilizoachwa wazi hupoteza mlio wake?
2. Siri ya chakula cha Jackson ilikuwa nini?
3. Taja dalili za karanga zisizofaa. Kwa nini wasipewe kuku?
4. Mtu mmoja asema: «Moto huua kila kitu kibaya.» Mjibu.
5. Mpishi anajuaje ya kuwa shira imefika?
6. Kwa nini chakula kisionjwe kingali moto?
7. Nyumbani, weka karanga chache zilizokaangwa katika chupa iliyofungwa, na nyingine katika sahani wazi. Baada ya siku mbili zitafune, kisha mweleze mwalimu tofauti yake.